Upara: Ni Lini Mtu Aanze Kujitibu?



Kuna maswali ambayo mtu huyauliza mbele za watu, na kuna mengine huyangojea mpaka msikiti ubaki mtupu. Swali la makala haya ni la namna ya pili. Kijana mmoja, umri wake miaka 26, alibaki nyuma baada ya sala ya Isha, akangoja mpaka mtu wa mwisho achukue viatu vyake, ndipo akavua kofia. Mapanja yalikuwa yamerudi nyuma sana, na utosini nywele zilikuwa nyepesi hata ngozi yaonekana chini ya taa. Akasema: "Maalim, sikuulizi kama yafaa kujitibu. Hilo nimekwisha kulisikia, yafaa. Nakuuliza: nianze lini?"

Kisha ikatoka khabari yenyewe. Harusi yake ilibakisha miezi minne. Rafiki yake aliyerudi kutoka Uarabuni alimletea vidonge, navyo alikuwa navyo mfukoni mwa kanzu wakati ule tunaozungumza. Alitaka avianze usiku ule ule, ili ifikapo siku ya harusi nywele ziwe zimerudi. Na alitaka bibi harusi asijue lolote, si la upara wala la vidonge.

Sikumjibu usiku ule. Nilimwomba anipe wiki mbili, nami nikaenda kusoma na kuwauliza wanaojua kuliko mimi, mashekhe na madaktari. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake. Sisi watu wa pwani tumebahatika kuwa na kofia. Mtu aweza kuishi miaka kumi na uwaraza wake, kama wazee walivyouita, na jirani asiujue. Lakini kofia hiyo hiyo imewafanya vijana wetu wauone upara kama aibu ya kufichwa, na sisi wenyewe tumesaidia kwa mzaha wetu. Mtu akivua kofia kupunga upepo, mara hupewa jina, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Nasi twaisoma Sura ya Hujurati, tena kwa tajwidi, iliyotukataza kuitana kwa majina ya kejeli.

Kwanza nilieleze lile alilolimaliza kijana kwa neno moja, maana wako wasomaji watakaotaka dalili. Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.), mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa mmoja tu, nao ni uzee. Basi hapo ndipo shaka inapoingia. Upara ni ugonjwa, au ni uzee? Ukisema ni uzee, huyu ana miaka 26. Ukisema ni ugonjwa, mbona hauumi, haupunguzi nguvu, na mtu huishi nao miaka 50 akila na kulala vizuri?

Lugha ya Kiarabu yatusaidia kidogo. Waarabu wana neno la upara unaotokana na maradhi ya kichwa, nalo ni qara', na wana neno la upara wa nywele kurudi nyuma kwenye paji, nalo ni sala'. Huu wa pili ndio uliokuwa wa Sayyidna Umar (R.A.). Imam Muslim amepokea kwamba Abdullahi bin Sarjis, alipokuwa akisimulia namna alivyomuona Sayyidna Umar akilibusu Jiwe Jeusi, alimtaja kwa upara wake, wala hakukusudia kumdharau. Na vitabu vya tarekhe vyamsifu Sayyidna Ali (R.A.) kwa sifa hiyo hiyo. Hawa ni makhalifa wawili katika wanne, na sijapata kusoma popote kwamba kuna aliyekataa kuwapa mkono wa utiifu kwa ajili ya nywele.

Ama yule mwenye qara', khabari yake imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Ni mmoja wa watu watatu wa Bani Israili, mwenye barasi, mwenye upara na kipofu, ambao Mwenyezi Mungu alitaka kuwajaribu, akawapelekea malaika. Malaika akamuuliza mwenye upara ni kitu gani akipendacho zaidi. Akajibu kuwa apenda nywele nzuri, na limwondokee lile linalowafanya watu wamkirihi. Malaika hakumwambia kuwa maneno yake ni ya kipumbavu. Alimpangusa kichwa, nywele zikaota, kisha akampa ng'ombe mwenye mimba. Miaka ikapita, ng'ombe wakajaa bonde. Malaika akarudi kwa sura ile ile aliyokuwa nayo yule mtu zamani, akiwa na upara na umasikini wa msafiri, akamwomba ng'ombe mmoja tu. Akanyimwa, na alipokumbushwa alivyokuwa, akakana, akadai mali ile kairithi kwa wazee wake.

Mimi nimeisoma hadithi hii mara nyingi nikitafuta mahali ambapo yule mtu alikosea. Hakukosea alipotaka nywele. Alikosea alipojifanya kuwa hakupata kuwa na upara. Shika neno hili, ndugu msomaji, tutalihitaji huko mbele.

Wanazuoni wa zama zetu, akiwamo Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, wameitumia hadithi hii kuruhusu hata kupandikiza nywele, yaani kuchukua nywele za mtu mwenyewe kisogoni na kuzihamishia mbele, kazi ambayo leo watu huifuata mpaka Uturuki. Huko ni kurudisha kilichoondoka, wala si kubadilisha maumbile. Kisichofaa ni nywele za kuunga. Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) amepokea kwamba mwanamke mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akasema binti yake ni bibi harusi, maradhi yamempukutisha nywele, je, amuungie? Akakatazwa, na akalaaniwa mwenye kuunga na mwenye kuungwa. Tazama namna kisa kile kilivyofanana na hiki chetu: harusi iko karibu, nywele zimekwenda, na kuna mtu anayetaka kumuonyesha mwenziwe kitu ambacho hakipo. Dawa ilikuwa halali. Kilichozuiliwa ni hadaa.

Sasa tuingie katika "lini", na hapa hapana budi tujue kichwa chenyewe hufanyaje kazi.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kiasi cha laki moja. Kila unywele hukua miaka miwili mpaka sita, kisha hupumzika kiasi cha miezi mitatu, hudondoka, na shina lile lile huotesha mwingine. Kwa hivyo nywele 50 mpaka 100 zinazoanguka kila siku si ugonjwa, na mama anayeokota nywele kwenye mto wa mwanawe na kupiga yowe anajisumbua bure. Katika upara wa kurithi, mwili huigeuza homoni ya kiume, testosteroni, ikawa nyingine yenye nguvu zaidi iitwayo dihidrotestosteroni, nayo hii hulifinya shina la unywele kidogo kidogo. Unywele unaoota baada ya hapo huwa mwembamba kuliko uliotangulia, na huishi muda mfupi zaidi, na unaofuata huwa mwembamba tena, mpaka shina libakie kutoa kinyoya tu kama cha shavu la mtoto. Kwa hivyo mwenye upara hakupoteza nywele kwa kuanguka. Amezipoteza kwa sababu zinazorudi si zile zilizoondoka.

Mwaka 1942 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye James Hamilton alieleza kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubaleghe hawapati upara. Lakini wakipewa homoni ile, wale ambao jamaa zao wana upara huanza kuupata. Kwa hivyo zatakiwa mbili, homoni na urithi. Wazee wetu husema mtoto huchukua upara kwa wajomba. Wana sehemu ya haki, kwani mojawapo ya mambo makubwa ya urithi huo hupitia kwa mama, lakini kwa baba pia hutoka mengi. Kijana atazame pande zote mbili.

Basi dawa tulizo nazo leo kazi yake ni kulishika shina ambalo bado li hai, na kulinenepesha lile lililoanza kusinyaa. Shina lililokwisha kufa dawa hizi hazilifufui. Na jicho la mtu huchelewa. Madaktari husema nusu ya nywele za mahali yaweza kupungua kabla upungufu haujaonekana wazi. Anayengoja mpaka awe na yakini, basi amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya alichotaka kukilinda. Lakini anayekimbilia dawa kwa unywele wa kwanza kwenye kitana, huenda anatibu kitu kingine kabisa. Homa kali yaweza kumpukutisha mtu nywele miezi miwili au mitatu baada ya yeye kupona, nazo zikarudi zenyewe bila dawa. Mapunye hula nywele. Kuna na upara wa duara duara kama shilingi, ambao mwili wenyewe huzishambulia nywele, na huo dawa zake ni mbali. Upungufu wa chuma katika damu na maradhi ya tezi ya shingo pia vimo.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa swali la yule kijana. Ukianza mapema waonekana mwenye kujipenda kupita kiasi, ukianza baadaye umechelewa, na katikati hapana kengele inayolia. Zaidi ya hayo, dawa hizi hazina mwisho. Mtu anayekunywa dawa ya malaria huimaliza akapona. Dawa ya upara ukiiacha, kwa miezi michache huyapoteza yote uliyoyapata.

Chukua minoksidili, dawa ya maji au povu inayopakwa kichwani. Asili yake ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1979, na wagonjwa waliokuwa wakikitumia wakaota manyoya wasipoyatarajia. Kwa ajili ya nywele iliidhinishwa huko mwaka 1988. Hupakwa mara mbili kwa siku. Kijana wa miaka 25 akiianza leo, na Mwenyezi Mungu akamjaalia kufika 70, atakuwa ameipaka zaidi ya mara 32,000. Hufanya kazi kwa wengi, si kwa wote, na mtu asiihukumu kabla ya miezi minne kupita. Tena katika wiki za mwanzo nywele huzidi kuanguka, kwa kuwa zile zilizopumzika husukumwa zitoke. Mwambie hayo anayetaka kuianza kabla ya harusi!

Nimeulizwa pia kuhusu udhu, maana dawa hii yatakiwa ikae kichwani kama saa nne bila kuoshwa. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi'i hapana taabu: yatosha kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa, hata nywele chache, na kisogoni hakupakwi dawa. Ama spiriti iliyomo ndani yake, wanazuoni wengi wa siku hizi wameisamehe katika dawa. Mwenye shaka na amuulize Sheikh wake. Kilicho kizito kwangu kuliko spiriti ni mtoto. Kumeonekana huko Ulaya watoto wachanga walioota manyoya mwilini kwa kulazwa juu ya ngozi ya baba aliyejipaka dawa hii. Yalipojulikana, baba akaacha, manyoya yakaondoka. Basi aoshe mikono, na asimweke mtoto mahali pale. Na paka vilevile: kidogo tu cha dawa hii humuua paka, na nyumba zetu hazikosi paka.

Sasa vile vidonge vilivyokuwa mfukoni. Dawa hiyo ni finasteridi. Mlango wake ulifunguliwa na jambo la ajabu lililoonekana katika kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika, na kuandikwa mwaka 1974 na daktari wa Kimarekani, Julianne Imperato-McGinley, na wenziwe. Kulikuwa na watoto waliozaliwa wakidhaniwa ni wa kike, wakalelewa hivyo, na walipobaleghe maumbile ya kiume yakadhihiri. Miili yao ilikosa kile kinachoigeuza homoni kama nilivyoeleza juu. Na walipokuwa watu wazima, tezi dume zao zilikuwa ndogo, na nywele zao hazikurudi nyuma. Watengenezaji wa dawa wakafahamu. Kidonge cha miligramu 5 kiliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa tezi dume iliyovimba, na cha miligramu 1 mwaka 1997 kwa upara.

Kimewafaa wengi, sitaki kulificha hilo. Aghalabu humzuilia mtu zile alizonazo, na wengine huwaongezea. Lakini wachache katika kila mia hupungukiwa na hamu ya tendo la ndoa, au nguvu, au manii. Wengi wao wakiacha dawa hurudi hali zao, na wako waliosema kuwa wameacha na hawakurudi. Wengine huingiwa na huzuni nzito, na mwaka 2025 idara ya madawa ya Umoja wa Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Mwanamke mwenye mimba hafai kukishika kidonge kilichovunjika, kwani dawa ikimpenya yaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Na mwanamume mzima anayekitumia akienda kupimwa damu kwa ajili ya saratani ya tezi dume, kipimo chaweza kushuka kwa nusu, akaambiwa yuko salama ilhali hayuko. Lazima amwambie daktari.

Vitu vyote hivi nilivyovitaja vinamhusu mtu wa pili. Nguvu za usiku ni haki ya mke. Huzuni ya mume hulala kitanda kimoja naye. Mimba ni yake. Mtoto anayelazwa kifuani ni wake. Je, mtu huyu ndiye unayetaka asijue?

Nilifungua vitabu vyetu vya fikihi mlango wa nikahi, mahali panapotajwa aibu ambazo mwanandoa akizikuta kwa mwenziwe huwa na khiyari ya kuivunja ndoa. Katika madhehebu yetu kwa upande wa mwanamume zimetajwa wazimu, ukoma, barasi, kukatika kwa dhakari, na kushindwa kabisa na tendo la ndoa. Nilisoma mpaka mwisho wa mlango. Upara haumo. Basi kijana yule alikuwa ameshika mfukoni kitu cha kumfichia kile ambacho sharia haikukihesabu kuwa aibu, na ambacho madhara yake, japo ni kwa wachache, yaelekea upande wa ile ambayo sharia imeihesabu. Sisemi atapatwa. Nasema alikuwa akilicheza bahati hiyo kwa siri, na nusu ya rasilimali haikuwa yake.

Kwa sababu hiyo nimefikia rai yangu, nawe waweza kuikataa. Sidhani kuwa wakati wa kuanza hupimwa kwa mapanja peke yake. Unapofika wakati, mtu huweza kuianza dawa bila ya kuificha. Amekwenda kwa daktari wa ngozi naye kamwambia ni upara wa kurithi na si kingine. Amemwambia mkewe, au mchumba wake kwa njia ya adabu kupitia kwa dada au shangazi. Amepiga hesabu ya chupa za mwaka mzima akaona haimgusi chakula cha watoto, maana nafaka ni wajibu, na nywele si wajibu. Na amejiwekea mwisho: atapiga picha ya kichwa mahali pamoja na kwa mwanga mmoja, kila baada ya miezi sita, na mwaka ukitimia bila faida ataacha. Mtu aliye katika hali hiyo, hata awe na miaka 22, na nywele zake zikiwa bado nyingi, mimi sitamwambia ni mapema wala kuwa anajipenda. Amefanya kama afanyavyo mwenye nyumba anayeziba paa kabla ya masika. Na mtu aliyeamua kuacha kabisa, akanyoa kichwa akaendelea na maisha yake, naye kafanya la heshima, labda zaidi. Nisiyemwelewa ni yule wa katikati, ambaye hakukubali wala hakutibu; miaka 15 ananunua mafuta yanayotangazwa kwenye simu, leo ya kitunguu, kesho ya mmea wa Bara Hindi, na kila chupa ina picha ya kichwa kimoja kabla na baada, ambavyo ukivitazama vizuri ni vichwa viwili.

Kuna na haraka ya kupandikiza. Nywele za kisogoni hazidhuriki na ile homoni, nazo zikihamishwa hubaki. Lakini za asili zilizo nyuma ya zile zilizopandwa huendelea kurudi, na akiba ya kisogoni ina kikomo. Kijana aliyepandikizwa mbele akiwa na miaka 22 aweza kujikuta na 40 ana ukingo wa nywele pajini na uwanja mtupu nyuma yake, na akiba imekwisha. Daktari mwaminifu humwambia angoje. Hapa kungoja ndiko kuzuri, kinyume cha dawa ya kupaka.

Na nyinyi mama zetu na dada zetu mnaosoma, swali la lini liko mikononi mwenu kuliko mnavyodhani. Kijana hukichukua kidonge gizani kwa kuwa amesikia cheko barazani. Mama aliyemwambia mwanawe "nani atakupa mke na kichwa hicho," kwa mzaha, ndiye aliyemtia kile kidonge mfukoni.

Baada ya wiki mbili kijana alirudi, safari hii baada ya Alasiri, mchana. Nilimweleza niliyoyaeleza hapa. Nikamwambia: "Mwanangu, hata ukivimeza usiku huu, miezi minne ni michache. Dawa hii yataka miezi sita, mwaka, ndipo ujue. Nywele hazijui tarehe ya harusi." Akasema hilo rafiki yake hakumwambia. Nikamuuliza kama mchumba amepata kumuona bila kofia. Akasema wamekua mtaa mmoja. Alimuona akiwa chuoni, ana nywele nyingi kama msitu. "Basi," nikasema, "wewe wamwogopa yule mtoto uliyekuwa, wala si bibi harusi." Akanyamaza. Sikumuuliza atafanya nini, naye hakuniahidi kitu. Nilimwandikia jina la daktari wa ngozi, akalikunja akaliweka mfuko ule ule.

Alipoinuka kwenda zake akageuka, akaniuliza swali ambalo hakuna daktari angeulizwa. "Maalim, na nikienda Hija?"

Nikamwambia kuwa kwa madhehebu yetu nywele tatu zikikatwa zatosha kumtoa mtu katika ihramu. Lakini kunyoa kichwa kizima ni bora, na Mtume (S.A.W.) aliwaombea rehema walionyoa zaidi ya mara moja kabla ya kuwaombea waliopunguza. Na asiye na nywele hata moja, ni sunna apitishiwe wembe juu ya kichwa kitupu.

"Kwa hivyo nipake miaka kumi, kisha nizitoe zote asubuhi moja pale Mina?"

"Zote."

"Na dawa itakuwa imepotea?"

Hapo nilifurahi kwamba nilikuwa nimemuuliza daktari. Haipotei, nikamwambia, wembe hukata juu ya ngozi, na dawa hufanya kazi shinani, chini yake. Zitaota tena kama zilivyokuwa. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akaivaa kofia yake akaenda nyumbani kwao.